Labda ya Maji

Neno labda silipendi. Nikimsikia mtu mwenye mshahara na cheo akilitamka mbele ya watu wanaomngojea, damu inanichemka hadi leo. Wanangu wanasema nazidisha. Wao hawakuiona mbegu ya mama yangu ikiishia ardhini.

Tulikuwa watu wa juu milimani, upande wa Suji. Tulikuwa na ndiva, bwawa la udongo linalojaa usiku na kufunguliwa asubuhi, na mzee mmoja aliyechaguliwa na koo zote kupanga zamu za maji. Mzee yule alikuwa mkali na wala hakupendwa, lakini alishika desturi ya waliomtangulia: hakusema neno la maji kabla ya kwenda kulitazama bwawa kwa macho yake. Ukimwuliza jioni, "Shikamoo baba, kesho nitapata?" aliitikia marahaba akaenda zake. Asubuhi alirudi miguu imelowa, akasema, "Leo ni wewe," au "Leo si wewe." Akisema ni wewe, ulifukia mbegu kwenye udongo mkavu bila kuuliza tena, na maji yalikukuta tayari. Mama alikulia humo. Hakujua kwamba mtu anaweza kufungua kinywa kutoa habari za maji ilhali hajui lolote.

Kisha ikaja amri ya serikali ya kuwahamishia watu vijiji vipya. Ofisa aliyetumwa kwetu alikuwa kijana nadhifu, kalamu mfukoni, na kila sentensi yake ilianza vilevile: "Ndugu wananchi, hapana budi." Hapana budi kuhama. Hapana budi kushuka kabla ya mvua. Mzee mmoja alitaka kujua kama wagonjwa wangengojewa wapone, akajibiwa hapana budi. Msinielewe vibaya. Kufanya kazi pamoja hatukufundishwa na mtu. Msaragambo tuliukuta kwa babu zetu, pembe ikilia kila nyumba inatoa mtu wa kuzibua mfereji. Kilichoniudhi ni kuja kufundishwa umoja na watu waliotutoa kwenye umoja wetu. Tulishuka tambarare kwenye miiba na vumbi, na ndiva ikabaki kujaa tope.

Huko bondeni, katika mkutano wa kwanza, mama alisimama. Alikuwa mwanamke wa kusimama mikutanoni, sauti yake ilijulikana.

"Baba, na maji je?"

"Mfereji unakuja, mama," akasema ofisa. "Labda kabla ya vuli utakuwa umefika."

Mama akaketi, ameridhika. Alfajiri akashusha kibuyu chake cha maharage mekundu, yaliyochanganywa na majivu yasiingiwe na fukusi, mbegu aliyopewa na mama yake siku alipoolewa. Baba alimfuata hadi shambani.

"Mke wangu, yule kasema labda."

"Kasema kabla ya vuli. Mtu wa maji hasemi asichokiona."

Akafukia kibuyu kizima. Mfereji haukuja. Kilikuja kimvua cha kudanganya, maharage yakachipua, tukashangilia, halafu jua likawaka mpaka yakakauka yote, na vuli yenyewe ilipofika hatukuwa na kitu cha kupanda. Nilimkuta mama amepiga magoti akichambua udongo kwa vidole, akitafuta hata punje moja ambayo haikuota. Hakupata. Mbegu ile hatukuipata tena popote, na nilimchukia yule kijana kwa moyo wangu wote.

Majirani nao wakaona pa kutania. Walimwita Mama Labda. Alicheka pamoja nao kisimani, maana utani ni utani, lakini kwenye mikutano alianza kukaa nyuma kabisa, na hakusimama tena. Aliamini kwamba masikio yake yalimponza.

Miaka ikapita, nikaenda kusomea ualimu. Siku moja mkufunzi wa Kiswahili alitueleza asili ya maneno. Labda, akasema, limetoka kwenye Kiarabu, na huko maana yake ni hakuna njia nyingine, ni lazima. Ni ndugu wa tumbo moja na hapana budi. Limebadilika tu lilipofika kwetu. Darasa likacheka. Mimi nikanyoosha mkono kuuliza nani alilibadilisha, na mkufunzi akasema hajui. Basi nina jibu langu, ambalo hakuna kamusi itakayoliandika: wakubwa waliahidi lazima na wasitimize, wakaahidi tena, mpaka masikio ya watu yakazoea kulisikia kama pengine. Neno moja, likapasuliwa. Kwetu sisi wa kuhamishwa ikabaki hapana budi. Wenye kuleta maji wakajichukulia labda.

Likizo ilipofika nilimkuta mama akichagua maharage ya kununua sokoni Gonja. Nikamweleza. Mkono wake ukasimama juu ya ungo.

"Kwa hiyo yule kijana alisema ni lazima?"

"Neno lake ndivyo lilivyosema, mama. Yeye ndiye hakulitimiza."

"Basi nilisikia sawasawa," akasema.

Alasiri hiyo kulikuwa na mkutano wa kijiji. Alijifunga kanga, akapita walikokuwa wamekaa wale wenye utani wao, akaketi mbele. Ofisa alikuwa mwingine, naye nadhifu. Alipomaliza kutuhimiza juu ya pamba, mama akasimama.

"Na maji je?"

"Mama, labda mwakani..."

"Umekwenda kuyatazama?"

Niliwangoja majirani wacheke. Hakuna aliyecheka. Wazee walioshuka nasi kutoka juu walikuwa wameinamisha vichwa, wanamtazama ofisa miguuni. Viatu vyake vilikuwa vikavu.