Sindano Aliyoikataa Nesi

Hebu mtie machoni akiingia: binti mrefu, sare nyeupe imepigwa pasi mpaka imesimama, kifuani beji mpya ya muuguzi aliyesajiliwa. Anapiga hodi kwa shangazi yake. Binamu anamfungulia, kisha anarudi zake kuketi bila kumwambia karibu.

Haikuwa hivyo zamani. Shangazi ndiye aliyemlea, akamsomesha uuguzi mpaka shahada kwa cherehani ya miguu, akishona sare za wanafunzi hadi magoti yakalia. Na binti alipokuwa mwaka wa pili, bado hajazoea kushika bomba la sindano, shangazi alimwekea paja lake ajifunzie. Dunga, mama, alikuwa akimwambia, mwili wa shangazi hauna kesi. Ukoo mzima ukamwita Nesi kabla hata baraza la wauguzi halijamjua.

Akafaulu mtihani wa baraza, akala kiapo, akapewa leseni. Hata vigelegele havijapoa, shangazi akaamka mgongo unamuuma, akanunua dawa dukani, akamletea pamoja na bomba lake. Nesi akauliza ni daktari gani aliyeiandika. Hakuna. Akamweleza kwa upole kwamba dawa ya namna hiyo hawezi tena kuidunga, leseni itakwenda na maji. Afadhali waongozane hospitali, atakaa naye foleni mwanzo mwisho. Binamu akacheka: kumbe miaka yote ile mtu alikuwa anasomea kukataa!

Shangazi hakucheka.

“Ulipokuwa hujui, ulinidunga,” alisema. “Leo umejua, nimekuwa mgonjwa wa watu.”

Akaenda zake kwa muuza dawa, akadungwa huko huko nyuma ya kaunta. Sindano ikagusa mshipa wa fahamu. Tangu siku ile mguu wa kulia unaburuzika, na cherehani imefunikwa shuka.

Sasa Nesi amekuja kumfanyisha mazoezi ya mguu. Anapiga magoti sakafuni, ananyoosha mkono. Shangazi anauvuta mguu wake kwa mikono miwili, kama mtu anayehamisha gogo, anaufunika kwa gauni.

“Acha. Usije ukaichafua leseni yako.”

Kazini wanamsifu kwa msimamo wake, na sheria ilikuwa upande wake, mpaka leo iko. Basi wewe unayenisikiliza, ungekuwa pale, bomba mkononi na paja lile mbele yako, ungefanyaje?