Josho la Kifua Kikuu

Nililelewa Hale, kwenye nyumba za wafanyakazi wa umeme, na mwalimu wetu wa sayansi alitufundisha mzunguko wa damu kwa kutuonyesha mabomba ya maji nyuma ya darasa. Tangu hapo nikapenda mifano kuliko vitabu. Nilipopangiwa zahanati moja nyikani Handeni, nesi kijana niliyevimba kichwa, niliwacheka wenzangu waliowasomea wagonjwa karatasi za maelekezo.

Mzee mmoja mfugaji, mtu wa maneno machache, alimaliza sindano za kifua kikuu na kikohozi kikapungua. Sasa alitakiwa kumeza vidonge nyumbani kwa miezi sita. Hapo ndipo wengi walipotushinda, maana mtu akipata nafuu tu, anaacha.

"Mzee, ng'ombe unawaogesha lini?" nikamwuliza.

"Ilikuwa kila wiki, josho lilipokuwa na dawa. Siku hizi serikali imejitoa, kila mtu ananyunyizia wake."

"Hata usipoona kupe?"

"Wengine wanajificha masikioni, nesi. Lazima uogeshe."

"Basi kifuani mwako mna kupe waliojificha. Vidonge hivi ndiyo josho. Usiache mpaka mimi niseme."

Akacheka, akanishika mkono. Siku ile nilirudi nyumbani natembea kama mkuu wa wilaya.

Kila mwezi alikuja siku ileile, kopo lake la vidonge tupu, nami nikaweka alama kwenye kadi yake kwa furaha. Mwezi wa nne alikuja amekonda, anatema damu. Nikamfokea kwamba ameacha dawa.

"Sijaacha hata siku moja," alisema, na niliona nimemuumiza. Akanieleza. Kila asubuhi aliwapanga wake zake, watoto na mama yake mzazi, akawagawia vidonge kimoja kimoja. Yeye alimeza mwisho, kama vimebaki. "Nesi, nani anaogesha ng'ombe mmoja na zizi zima lina kupe?"

Kwa ng'ombe alikuwa sahihi kabisa, na maneno yalikuwa yangu.

Tulimrudisha kwenye sindano. Hazikumsaidia tena; ugonjwa ulikuwa umeshazoea dawa. Walimzika kabla ya mvua za vuli, na mimi sikwenda kwa sababu niliona aibu.

Baada ya mazishi alikuja mke wake mdogo, anakohoa, na mtoto mgongoni anakohoa vilevile. Vipimo vyake vilionyesha kile nilichokiogopa, kifua kikuu. Sindano zake zilipokwisha nikamkabidhi vidonge, safari hii bila mfano wowote. "Hivi ni vyako peke yako, mama. Usimpe mtu."

"Na huyu?"

Dawa ya watoto hatukuwa nayo. Niliwaandikia barua ya kwenda hospitali ya Korogwe, ileile niliyokwisha kuwaandikia mara mbili, nauli ikakosekana. Akaifunga kwenye pindo la shuka bila kuitazama.

"Mzee alisema ni josho," akasema.

"Si josho, mama. Nilikosea."

Alinitazama kwa upole, kama mtu anayejua anadanganywa, akatoka. Kupitia dirishani nikamwona amesimama uani, anavunja kidonge kwa meno na kumtia mtoto nusu mdomoni. Nilinyanyuka nimwite, nikakaa tena. Sikuwa na kitu kingine cha kumpa yule mtoto.