Puli Ndogo ya Émérence

Émérence wa Kataki hakai. Nakwambia, hakai! Chai anainywa akiwa amesimama, sala anaisali huku anafagia, na siku ya ndoa yake padri ndiye aliyemwomba apunguze hatua. Sasa muntu wa namna hiyo kazi yake ni ipi? Mashine ya kusaga muhogo, ambako tangu asubuhi wamama wamepanga foleni na mabeseni yao.

Mwezi uliopita jirani mmoja alifungua mashine mpya ng'ambo ya barabara, nayo inasaga haraka. Wateja wakaanza kuvuka mmoja mmoja. Émérence aliwatazama wakivuka, roho ikimuuma hata chakula kikamshinda. Jumatatu akang'oa puli ya mashine yake, lile gurudumu linalovutwa na mukanda, akatia nyingine ndogo, nusu ya ile, akaukaza mukanda. Mashine ikazunguka mbio mara mbili.

Unga ukamwagika! Wawili waliokuwa wamevuka wakarudi.

"Munaona?" akawaambia. "Leo hakuna muntu atalala hapa!"

Furaha hiyo haikufika saa nne. Ndani ya kelele za injini alisikia mlio mwembamba, ti-ti-ti, ambao hakuupenda. Ndani ya sanduku la bati kuna nyundo za chuma zinazozunguka na kuponda muhogo, na kila nyundo inashikwa na pini ili isiruke. Akamkumbuka baba yake, marehemu Papa Isidore, dereva wa treni, aliyemfungia Émérence mdogo jiwe kwenye kamba uani ili alizungushe.

"Sasa zungusha mbio mara mbili. Unasikia vile inavuta?"

"Inavuta mara mbili, Papa."

"Hapana, mara ine! Njo maana kwenye kona mimi napunguza mwendo, hata wakubwa wapige kelele."

Siku ile kamba ilikatika, jiwe likapasua chungu cha mama yake.

Mara nne! Na pini hizi zina miaka sita, wala hakuzikagua alipobadili puli, kwa haraka zake zilezile. Na kwenye benchi mbele ya lile bati amekaa nani? Mama Philomène, mama yake mzazi, anachambua maharagwe kama kila siku.

"Mama, toka hapo!"

"Ngoja nimalize hii sahani."

"Mama, toka!"

"Wewe na mbio zako! Nimesema ngoja."

Émérence akakata mafuta ya mazutu, injini ikazima. Lakini mashine ya namna hii haisimami kwa kuambiwa. Nyundo ziliendelea kuzunguka, na ule mlio bado. Wamama wa foleni aliwafukuza wakarudi nyuma. Mama Philomène magoti yake ni mabovu, kumwinua ni kazi ya watu wawili. Basi Émérence akajiingiza kati ya bati na benchi, akaipa mashine mgongo, akamshika mama yake mabega, akatulia tuli. Miguu hakuisogeza hata kidogo. Aliogopa jamani, aliogopa mpaka akajiuma mdomo.

"Unanizibia mwanga," Mama Philomène akalalamika. "Maharagwe siyaoni."

"Vumilia kidogo, Mama."

Ti-ti. Ti. Ti. Kisha kimya.

Alipofungua sanduku, alikuta pini moja imelika, imebaki nyembamba kama msumari, na nyundo yake imelala upande. Akaing'oa puli ndogo, akaitupa chini ya meza. Bila pini mpya hakuna kusaga leo. Foleni yote ikavuka barabara, beseni baada ya beseni, na safari hii hakuwatazama.

Alikwenda kwenye benchi, akakaa kando ya mama yake, akachota maharagwe mkono mmoja, akaanza kuyachambua polepole.

Mama Philomène akaacha kazi. Akamtazama, akamgusa paji la uso.

"Émérence, mwanangu, uko mugonjwa?"