Aliyeshuka Changamwe

Nilikuwa nimekaa mlangoni kwetu Chaani, Mombasa, nachambua mchicha, binti yangu aliponijia kwa nyuma akasimama. Alikuwa na miaka kumi na sita, yuko likizo ya Desemba. Nilihisi tu kwamba hana raha.

"Mama, kuna rafiki yangu yuko njiani. Keshapita Voi."

"Rafiki gani?"

"Mvulana. Wa Kitale."

Nikamuuliza wamejuana wapi. Aliitazama simu mkononi mwake, simu yangu ya zamani niliyomwachia mwenyewe apate kusomea.

Miezi saba walikuwa wakiandikiana, nami nalala ng'ambo ya pazia. Nikauliza kama amewahi kumwona uso kwenye simu. Hapana, kamera ya mwenzake ilivunjika. Sauti je? Mara mbili. Ilikuwaje?

"Ya kawaida, mama."

Mimi ni mshonaji kiwandani, na sisi wanawake wa safu moja ya cherehani husimuliana mambo haya kila siku: baba mzima aliyejifanya kijana, picha ya mtoto wa watu iliyosambazwa mtaa mzima. Hadithi zote zikanijia kwa pamoja. Nikamwona mtu wa miaka arobaini, ana ndevu, anashuka kwenye basi akiulizia mwanangu.

"Anajua nyumba?"

"Nilimwambia Chaani tu. Wala sikumwita, mama. Nilimkataza. Ameniandikia leo kwamba yuko ndani ya basi."

Nilitaka kumpiga. Nilipomtazama midomo imemkauka, nikashindwa.

Mume wangu ni dereva wa lori, siku hiyo alikuwa upande wa Malaba na simu yake haikushika. Nikampigia shemeji yangu, mdogo wake, anayefanya kazi bandarini. Akaja mbio. Binti nikampeleka kwa jirani, simu yake nikaichukua, na tukiwa njiani nikamwandikia yule mgeni kana kwamba mimi ndiye binti: "Shuka Changamwe. Nitakuwa hapo." Akanirudishia vikopa viwili vyekundu vya mapenzi.

Tulisimama kituoni karibu saa nzima. Kila basi lililosimama nilikodoa macho mlangoni. Akashuka mwanamume mnene aliyevaa koti la ngozi, akatoa simu, akaanza kuangaza huku na huku. Shemeji akamwendea amekunja ngumi. Kumbe yule baba alikuwa akimngoja mkewe.

Nikaandika: "Umevaa nini?"

"Sweta ya shule. Ya kijani."

Alikuwa hatua kumi kutoka niliposimama. Kijana mwembamba, begi la shule mgongoni, sweta nzito kwenye joto lile na jasho linamtiririka. Ndevu hata dalili hazikuwepo. Nilikuwa nimempita kwa macho mara mbili.

"Ni wewe uliyetoka Kitale?" nikamuuliza. "Mimi ndiye mamake."

Akarudi nyuma, akamtazama shemeji, kisha akaanza kulia palepale mbele za watu. "Nisamehe, mathe," akasema. "Nilitaka tu kumuona."

Tulimpeleka nyumbani. Alikula ugali na ule mchicha kama mtu aliyeshinda njaa tangu jana, na kweli ndivyo ilivyokuwa. Binti yangu, aliyekuwa amerudi kutoka kwa jirani, alikaa kitandani upande wa pili wa pazia, hakutoka. Nikamwomba kijana namba ya mama yake. Akakataa. Walikuwa wamegombana kwa ajili ya simu, mama ameapa ataitia motoni. Nilimbembeleza mpaka akanitajia.

Mamake alipokea kabla haijaita mara ya pili.

"Dada, mwanao yuko kwangu, huku Mombasa. Ni mzima."

Akasema, "Mnataka nini? Semeni tu mnataka nini."

"Sitaki kitu, dada. Mimi ni mzazi kama wewe."

"Wote husema hivyo. Mpe simu. Mwanangu! Wamekufunga?"

Sikuweza kumkasirikia. Asubuhi ileile mimi nilikuwa nimemwundia mwanawe ndevu na miaka arobaini. Nikafungua kamera nikamwonyesha yote: mwanawe, sahani, kalenda ya kanisa ukutani, shemeji, mwisho mimi mwenyewe na leso yangu.

"Shukisha simu," akasema. "Nataka kumuona miguu."

Nikaishusha. Kijana akachezesha vidole vya miguu. Ndipo nikamsikia yule mama akilia, na mimi nikalia.

Nilidhani yameisha. Lakini simu ya kijana tulikuwa tumeichomeka ichaji, na baada ya muda mfupi ikalia. Shemeji akausoma ujumbe kwa sauti: "Umefika? Mbona huonekani? Usimwambie mtu."

"Huyu ni nani?" nikauliza.

"Ni brathe fulani wa online. Alisema nikifika na mambo yakatae, atanipea kazi ya hoteli."

"Umewahi kumwona?"

"Bado."

"Hoteli yenyewe iko wapi?" shemeji akauliza.

Kijana akafikiri. "Alisema Mwakirunge."

Tukatazamana. Mwakirunge kuna machimbo ya mawe na jaa la taka. Hoteli ya kumwajiri mtoto wa Kitale ipo wapi kule? Shemeji akaipiga ile namba. Ikapokelewa mara moja, sauti ya mtu mzima, tulivu, ya upole kabisa: "Kijana wangu, uko wapi?"

"Wewe ndiye nani?" shemeji akafoka.

Ikakatwa. Tulipopiga tena ilikuwa imezimwa, na haikuwaka tena. Mchana kutwa nilikuwa nimelinda mlango nikimwogopa mtoto huyu, na kumbe yeye ndiye aliyekuwa akingojwa.

Tulipiga ripoti polisi. Waliandika, wakaichukua namba, wakatuambia watatupigia.

Mamake kijana aliwasili siku ya pili, miguu imevimba kwa safari. Hakumgombeza mwanawe. Alimshika mkono, akamkalisha karibu naye, akaomba maji, kisha akaomba kuuona ule ujumbe. Aliusoma mara tatu. Binti yangu ndipo akatoka, akamwamkia shikamoo akiwa ameinamisha uso. Yule mama akamtazama kwa muda mrefu, akamwambia, "Marahaba, mwanangu. Kumbe nawe u mtoto hivi." Na wale watoto wawili, baada ya miezi saba ya maneno, hawakuwa na la kuambiana.

Binti yangu yuko chuoni sasa. Simu nilimrudishia, maana ningemnyima angeitafuta kwingine. Huniambia anazungumza na nani, au huniambia baadhi tu. Sijui, na kutojua huko huninyima usingizi.

Mama wa Kitale hunipigia mara mojamoja. Huniuliza kama yule mtu wa Mwakirunge amewahi kupatikana. Nami humwambia bado. Kisha huniuliza kama kwetu mvua imenyesha.