Ukipotea, Kaa Hapo Hapo

Mama yangu alimwaga sufuria nzima ya maharage juu ya moto, akaingia ndani, akajifungia chumbani.

Hakuna aliyemkosea. Naapa.

Naitwa Joselyne. Mrundi, nimekulia kambi ya wakimbizi Kigoma, sasa niko Buffalo, mtaa wa Black Rock, nafungasha mikate kiwandani. Wanaonijua wanajua mdomo wangu, mimi si mtu wa kulialia. Lakini hii naandika huku nalia, mnisamehe.

Ilikuwa Agosti 2015. Binti yangu Zita, miaka kumi na mbili, alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka kempu ya porini. Zile za likizo ya kiangazi, watoto wanapelekwa msituni kujifunza kuwasha moto bila kiberiti, kujenga kibanda cha matawi na kulala humo.

Kanisa ndilo lililompatia nafasi. Mimi nilicheka mpaka basi.

"Yaani sisi tumekimbia kulala kwenye matawi, wewe unakwenda kusomea?"

Mama yangu, Bibi Kornelia wa Zita, hakucheka. "Asiende," alisema.

"Mama, hapa ni Amerika. Msitu wao una choo na nesi."

Basi akaenda, akarudi ananuka moshi, furaha tupu. Akawasha moto uani kwa jiwe na kipande cha chuma. Mama akateleka maharage. Nikajua ubishi umeisha.

"Bibi, nikuulize," Zita akasema. "Ukipotea msituni unafanya nini?"

Mama akakoroga maharage.

"Unakaa hapo hapo! Unachagua mti mmoja, unaukumbatia, hutoki. Ukitembea ndiyo unapotea zaidi. Wanaokutafuta watakuja."

"Na wasipokuja?"

"Lazima waje, Bibi," Zita akacheka.

Hapo ndipo maharage yalipomwagika.

Nilijua ni nini. Au nilidhani najua.

Nilikuwa na dada, Angelika. Alitoka nje ya kambi na wenzake kuokota kuni. Kutoka vile kulikuwa kosa. Walinzi wakawafukuza, kila mmoja akakimbia kivyake. Wenzake walirudi jioni. Yeye hakurudi.

Mama alikwenda kumtafuta, akarudi peke yake. "Sikumwona," alisema. "Yuko hai mahali. Atarudi."

Basi hatukumlilia. Kwetu mtu akifa ndugu wanakaa matanga, halafu inafika siku ya kuganduka, matanga yanaondolewa, watu wanarudi kwenye maisha yao. Angelika hakupata hata kimoja. Harusi yangu haikupigwa ngoma, maana nani angecheza wakati dada hajulikani alipo? Na kila sala ya jioni, mpaka hapa Buffalo, nilisema: Bwana, mrudishe Angelika. Mama akaitikia: Amina.

Ukweli, mimi nilishaacha kuamini zamani. Niliomba kwa ajili ya mama tu. Ana presha. Niliogopa siku nikimwambia amekufa, nitamzika na yeye.

Kesho yake mama hakula. Zita akakaa mlangoni kwake analia, "Bibi, nimekosa nini?"

Mlango ukafunguliwa. Mama akamvuta ndani, akamketisha kitandani, kisha akaniita.

"Joselyne, mwanangu. Ni mimi niliyemwambia."

"Ulimwambia nani, mama?"

"Angelika. Nilimwambia wakikufukuza ukapotea, usihangaike, kaa chini ya mti, mama atakuja. Walinzi wakafunga geti siku ile, na kesho yake hawakulifungua. Nilipopenya..."

Akajiziba mdomo na kitenge.

"Nilimkuta."

Nikaketi kando yake.

"Alikuwa ameketi chini ya mti, mguu umevimba. Nyoka. Na njia ilikuwa pale, Joselyne. Angetembea kidogo tu angeiona. Alinisubiri mimi."

Alimzika mwenyewe, kwa mikono na kijiti. Akarudi, akatudanganya.

"Kwa nini, mama?"

"Ulikuwa mdogo. Ulikataa kula, ukasema Angelika akirudi mtakula wote. Ningekuambia vipi? Ukakua, bado unamwombea kwa nguvu vile. Nikasema, nikifungua mdomo nitamuua huyu niliyebaki naye."

Jamani! Mimi namwombea kwa ajili yake, yeye anaitikia amina kwa ajili yangu. Watu wawili, nyumba moja, kila mmoja anajua dada amekufa, na kila mmoja amemeza kilio chake asimuumize mwenzake.

Tulilia siku hiyo, mpaka Zita akaogopa.

"Bibi, kwa hiyo walitufundisha uongo?"

Mama akamfuta machozi. "Hapana, mjukuu wangu. Walikufundisha vizuri. Sisi tulizuiwa kuja."

Ndugu yangu unayesoma, kama kwenu kuna msiba mnaofichana, acheni. Unadhani unambebea mwenzako mzigo, kumbe kila mtu anao wake, mzima mzima. Afadhali mlie pamoja, mnyamaze pamoja.

Sisi tuliondoa matanga Jumamosi moja ya Septemba, uani kwetu. Binamu yangu Donati aliendesha gari kutoka Louisville, akampitia shangazi Columbus. Warundi wa Black Rock na Riverside walijaa. Ule wali, zile soda, zile nyimbo za kanisa, utafikiri Angelika amefariki wiki iliyopita. Kwetu ilikuwa hivyo hivyo.

Mzee wa kanisa akauliza nani atamzungumzia marehemu. Nikainuka, mama akanishika mkono, akasimama yeye.

"Angelika wangu alikuwa mbishi," akasema. Watu wakacheka kidogo. "Ukimwambia afagie, anakwenda kuchota maji. Ukimwambia alale, anaimba."

Zita akamsogelea.

"Maisha yake yote," mama akasema, "alinitii mara moja tu."