Jirani Aliyeniungamia Zambi

Mimi siamini Mungu. Naliandika hapa mwanzoni ili anayetaka kufanya ishara ya musalaba aifanye sasa, tuendelee.

Watu huniuliza ugonjwa huu niliuokota wapi. Kwa masista wenyewe. Nilizaliwa upande wa Itebero, ndani ya pori la Walikale. Wakati Wazungu wanapigana vita kwao, baba yangu alilazimishwa kutafuta utomvu wa mpira porini, na katekiste alitufundisha kwamba kukata mpira ni namna ya kusali. Basi baba alisali mpaka mugongo ukapinda. Vita ilipokwisha alinishika mkono, tukapanda siku nyingi kwa miguu hadi Masisi, akaniacha kwa masista nisomee ualimu.

Huko nilijifunza Kifaransa, kushona, na hesabu ya Mungu. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mvua ya mawe ikipiga maharagi ya watu wa mulima, ni azabu ya zambi zao. Ikipiga viazi vya misioni, ni jaribu la imani. Wingu ni moja, asubuhi ni moja, mashamba yanapakana. Nilimuuliza sista: masere, yale mawe yanajuaje mpaka uko wapi? Nilipigishwa magoti juu ya changarawe hadi saa ya kula, na hilo ndilo jibu nililopata.

Magoti yalipona. Imani haikupona.

Niliolewa, nikaacha kufundisha, nikazaa binti. Alipofika miaka saba nilimpeleka kuandikishwa shule ya wasichana. Shule ni moja tu, na iko kwa masista. Sista wa kuandikisha alikuwa mugeni, hakunijua. Hakuuliza kama mutoto anajua kuhesabu. Aliuliza:

"Tike ya Pasaka ya mama yake iko wapi?"

Tike ni kipande cha karatasi ngumu. Kila Mukristo akiungama kabla ya Pasaka, padri humpitishia moja kwenye kidirisha. Haiandikwi jina. Mungu wao anajua idadi ya nywele za kila kichwa, lakini bila karatasi hawezi kukumbuka nani alikuja.

"Nakupa juma moja," sista akasema. "Bila tike, nafasi naipa mutoto mwingine."

Nilirudi nyumbani ninachemka. Bwana yangu akasema, "Enda uungame tu. Maneno iko upepo." Ni rahisi kusema hivyo wakati magoti si yako. Miaka yote nilikuwa nimejivuna kwa jambo moja: sina Mungu, lakini sina uongo pia. Sasa binti yangu alale jikoni na moshi maisha yake yote, ili mama yake abaki mukweli? Nilikaa siku tatu na swali hilo, nikimfokea kila aliyepita.

Siku ya ine jirani yangu akaingia na jembe begani. Ni mujane, amenizidi umri kidogo, hakosi misa ata akiwa na homa.

"Dada, kichwa yako iko nguvu kama jiwe ya kusagia," akasema. "Mutoto atakosa kalasi juu ya magoti yako?"

"Siwezi kudanganya, dada."

"Njo maana nitaenda miye."

"Kwenda wapi?"

"Kuungama zambi zako. Zangu nilishamaliza juma lililopita. Kuko padri mugeni, hajue sauti yangu. Wakati nililala na homa, nani alipalilia maharagi yangu? Si weye? Basi na miye nitakupalilia."

Kwenye mulima wetu kazi ni ya kupokezana: leo tunalima kwako, kesho kwangu. Yeye hakuona kwa nini zambi iwe tofauti na majani ya shamba. Nilicheka mpaka binti yangu akatoka nje kuangalia kuna nini.

Lakini jirani hakuwa anacheka. Alikaa juu ya kinu, akataka nimutajie zote, akazihesabu kwa vidole.

"Ile ya kumwita katekiste muongo, ulisema nyumbani ao mbele ya bantu?"

"Mbele ya bantu."

"Lo! Hiyo iko kubwa."

Alirudi mangaribi, tike imefungwa katika pindo la kitambaa chake, macho mekundu.

"Padri amesema tangu afike Kongo hajasikia mwanamuke mubaya hivi."

"Ukajibu nini?"

"Nililia. Alinitukana vizuri sana."

Kitubio alichopewa kilikuwa mawe kumi na mawili, kutoka mutoni hadi kwenye ukuta mpya wa kanisa. Kesho yake nilimfuata mutoni. Tuligombana njiani mbele ya watu wa soko. "Weka chini, azabu iko yangu!" akasema. "Na zambi ni za nani?" nikamjibu. Nilibeba nane, yeye ine. Katekiste aliponiona ninahema na jiwe kichwani alipiga makofi: "Mama! Mungu amekushika!" Nikamwambia kilichonishika ni shingo.

Wanasema asiye na Mungu hana wema. Mimi wema niliuona kwa yule mujane, na aliufanya kwa kumdanganya padri. Kwangu uongo ule ungekuwa bure, maana siuogopi moto wao. Yeye anauogopa. Anaamini kabisa kwamba ataungua, akaenda hata hivyo, kwa ajili ya kalasi ya mutoto asiye wake. Na waliomfundisha moto huo ndio waliomsukuma ndani yake, kwa kipande cha karatasi. Halafu mimi ndiye mwenye zambi.

Juma lilipokwisha niliweka tike juu ya meza. Sista aliigeuza huku na huku, akaniangalia.

"Uliungama weye mwenyewe?"

Binti yangu alikuwa amenishika kanga. Mulangoni jirani alikuwa anasubiri.

"Ndiyo, masere. Mimi mwenyewe."

Akaandika jina la mutoto. Tulipotoka jirani alinivuta pembeni.

"Alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Na ulidanganya?"

"Nilidanganya."

Akashika kiuno kwa mikono miwili.

"Aee, dada! Hiyo utaiungama mwenyewe. Miye mugongo unaniuma."