Fosia wa Wapi Huko

Tak.

Ndivyo kilivyolia kifuniko kidogo cha shaba kilipoanguka kwenye ubao wa simu wa posta ya Isiolo, na kwa miaka kumi na moja Fosia Shuriye aliishi na sauti hiyo masikioni. Kila kifuniko kilikuwa na namba, na nyuma ya kila namba kulikuwa na mtu anayengoja: duka, kambi, shule, au waya mrefu uliokuja kutoka miji ya mbali. Kifuniko kikianguka, Fosia alichomeka waya kwenye tundu lake, akauliza, akasikiliza, kisha akachomeka ncha ya pili kwenye tundu la anayetafutwa. Watu wawili ambao hawangeweza kufikiana wakafikiana.

Alianza kazi hiyo mwaka 1978, akiwa na miaka ishirini na mmoja. Babu yake alikuwa Msomali, askari wa Mwingereza, ambaye vita vilipokwisha alipewa Isiolo badala ya nauli ya kurudi kwao, na wajukuu wake wote wakawa watu wa biashara na malori. Fosia peke yake ndiye aliyeingia ofisini. Aliyemfunza alikuwa Mutembei, mzee mwembamba wa Kimeru aliyevaa sweta hata jua la Isiolo linapopasua mawe.

"Usimuulize kwanza anataka nini," Mutembei alimwambia siku ya kwanza. "Muulize kwanza anaita kutoka wapi. Sauti yoyote inaweza kusema neno lolote."

Fosia aliitikia kama msichana anavyoitikia mzee, kwa kichwa tu.

Mwaka 1980, asubuhi moja ya vumbi, kifuniko cha waya wa mbali kilianguka. Laini ilikuwa mbovu, imejaa mkwaruzo kama mchanga ndani ya sufuria. Sauti ya mwanamke ilisema hospitali, ikasema Boru, ikasema amefariki, waambieni kwao waje. Kisha ikakatika. Fosia hakuhitaji kufikiri. Mji mzima ulijua kwamba Boru, mwana wa mzee Bonaya, alikuwa amelazwa Meru na mguu uliovunjika ukaoza. Akaandika ujumbe kwenye karatasi, ukapelekwa.

Nyumba ya Bonaya ililia siku tatu. Siku ya tatu, saa nne, Boru akashuka kwenye lori la mbuzi sokoni, anaegemea fimbo, mguu umefungwa bendeji nyeupe. Akakuta watu wamekaa mkekani wanakula chakula cha matanga yake. Inasemekana alinawa mikono, akaketi, akaomba naye apakuliwe. Isiolo ilicheka mwezi mzima.

Mutembei hakucheka. Aliuliza huku na kule kwa waya mpaka akajua kwamba simu ile ilitoka Marsabit. Kule kulikuwa na Boru mwingine, kijana asiyejulikana vizuri, na kwa kuwa hakuna wa kwao aliyekuja, alizikwa na watu wa hospitali. Waliomzika hawakujua hata jina la baba yake. Fosia aliposikia hayo alitaka kuwapigia simu watu wa Bonaya kuomba radhi. Mutembei akamtoa waya mkononi.

"Hili hulisemi kwa simu," alisema. "Utavaa viatu uende mwenyewe."

Akaenda. Alisimama mlangoni kwa mzee Bonaya, akasema kosa ni langu, sikuuliza ni hospitali ya wapi. Mzee alikuwa na furaha ya kurudishiwa mwana, akamsamehe kabla hajamaliza sentensi. Lakini yule wa Marsabit hakuwa na mlango wa kuendewa, na Fosia alibaki naye moyoni.

Tangu siku hiyo aliuliza. Tajiri apige, mkubwa wa serikali apige, analia, anatukana, Fosia aliuliza "wapi huko?" kabla ya neno lingine. Ikawa desturi ya ulimi wake. Mtu akibisha hodi nyumbani, jibu lilikuwa "wapi huko?" Mdogo wake Dahir, aliyekuwa kijana wa utani, alikuwa akijibu kutoka nje: "Hapa ni mlangoni, abaayo. Nichomeke nikuone." Abaayo ndivyo Msomali anavyomwita dada yake. Dahir alipooa, mkewe Istar akaupokea utani ule pamoja na vyombo vya nyumba, na mji wote ukamjua Fosia kwa jina hilo: Fosia wa Wapi Huko.

Mwaka 1989 ubao uling'olewa. Mitambo ya kujiendesha ikaja, mtu akapiga namba mwenyewe, na hakuna aliyemuuliza anatoka wapi. Fosia alikuwa na miaka thelathini na miwili. Akajifunza taipu, na taipu ikamfikisha kwenye kompyuta ya shirika moja la misaada, na kompyuta, miaka ilivyozidi kwenda, ikamfikisha kwenye kurasa za mtandao. Alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani alipoanza kuandika JavaScript, ile lugha inayofanya ukurasa usikae tu kama tangazo ukutani bali ujibu, ufungue dirisha, ubadilike rangi. Vijana wa mji walimshangaa. Yeye hakujishangaa. Aliona ni ubao uleule, matundu yameongezeka.

Chama cha wenye malori ya mifugo kilimpa kazi ya kutengeneza ukurasa wa barabara. Shida yao ilikuwa mto. Ewaso Nyiro hujaa wakati Isiolo hakuna hata wingu. Mvua inanyesha mbali, milimani, na maji yanafika Gotu, penye kivuko cha malori, siku ya pili bila kumwambia mtu yametoka wapi. Dereva anakuta kivuko kimelowa tu, anaingia, na katikati ukuta wa maji unamfikia. Sasa kulikuwa na shirika moja la huko juu lililopima mto na kuweka kipimo chake mtandaoni. Chama kilitaka dereva aliyesimama Gotu na simu mkononi aone neno moja: pita, au simama.

Fosia alikata dirisha ndani ya ukurasa wake, kile wanachokiita fremu, na ndani ya fremu kile kipimo kikaonekana. Lakini kuonekana ni jambo moja. Fremu ile ilikuwa ya tovuti ya watu wengine, na kivinjari, yaani programu inayofungua kurasa, hakiruhusu ukurasa wa nyumba moja uingize mkono ndani ya nyumba nyingine. Alimweleza hivyo Kiugu, mwenyekiti wa chama: unaona taa kwa jirani kupitia dirisha, lakini huwezi kunyoosha mkono uizime. Kiugu aliuliza kama hawawezi kumwomba jirani. Fosia akamwambia ndiyo, hicho ndicho kilichobaki. Akapatana na watu wa shirika lile la huko juu mtoni: fremu yao itume ujumbe kwa ukurasa wake, neno moja tu, salama au hatari, na ukurasa wake utasikiliza.

Mwanzoni ujumbe wa hatari ulitakiwa ufungue kidirisha kipya juu ya ukurasa. Hakikufunguka. Vivinjari vimechoshwa na matangazo, na dirisha linalojifungua bila mtu kubonyeza kitu huzuiwa kimyakimya. Madereva hawakuona chochote wakadhani ni njia nyeupe. Kwa bahati mto ulikuwa mdogo wiki hiyo. Fosia akaacha vidirisha, akaweka sanduku kubwa palepale kwenye ukurasa: jekundu kwa hatari, kijani kwa salama. Mtu asiyejua kusoma aliweza kulielewa. Dahir, ambaye sasa alikuwa na mvi na lori lake mwenyewe la Isuzu, alilipenda sana. Aliwaonyesha madereva wenzake hotelini, anasema huyo ni dada yangu, alikuwa anaunganisha watu, sasa anaunganisha mito.

Mwezi wa kumi na moja, siku ya Jumatano, Dahir alikuwa anatoka upande wa Gotu na ng'ombe kumi na wanane. Alikuwa na mpakiaji wake, Wario, ambaye alishika tawi na kupona, na ndiye aliyesimulia. Walifika kivukoni kwenye saa tisa. Dahir akatazama simu, sanduku jekundu. Akazima injini. Walikunywa chai ya chupa, wakanyamazisha ng'ombe. Hakukuwa na mvua. Dahir akatazama tena, sanduku la kijani. Akacheka, akampiga Wario begani, akasema, "Dada yangu amefungua barabara."

Dahir walimpata siku ya pili, mbali sana chini ya mkondo, pamoja na baadhi ya ng'ombe.

Alizikwa Isiolo kabla ya adhuhuri. Wiki iliyofuata chama kilikaa kikao, na watu walikuwa na hasira, na hasira ikapata njia: ni hao wa juu, mashine yao ilisema mto ni salama wakati mto unaua. Kiugu akamgeukia Fosia mbele ya wote. Alisema kwa upole, kwa kuwa mama huyu alikuwa amefiwa, kwamba ni yeye anayejua lugha ya watu hao. Awaandikie barua. Barua iwachome.

Fosia alikubali. Alikwenda ofisini baada ya swala ya alasiri, akafungua kompyuta ili atoe ushahidi wa kuweka kwenye barua. Alitaka kuonyesha saa na dakika ambayo fremu yao ilituma neno salama.

Haikutuma. Rekodi ya kipimo cha mto ilisema hatari tangu saa sita mchana, hatari, hatari, mpaka usiku. Lakini ukurasa wake ulikuwa umepokea salama, mara moja kila baada ya dakika ishirini, kama mtu anayekohoa. Fosia alifungua maandishi ya ukurasa, akayapitia mstari kwa mstari na kidole juu ya kioo. Karibu na mwisho alikuta fremu ya pili, upana wake nukta moja, urefu nukta moja, ndogo kuliko chembe ya mchanga. Aliiweka mwenyewe wakati wa kiangazi. Ilikuwa ya kipimo cha majaribio, tovuti nyingine kabisa isiyotazama mto wowote, iliyofanya kazi moja tu: kusema salama, ili Fosia aone kama sanduku linageuka kijani. Liligeuka, akafurahi, akasahau.

Hilo pekee lisingemuua mtu. Kila ujumbe unaopita kati ya fremu na ukurasa hubeba jina la tovuti ulikotoka. Kivinjari chenyewe huliandika, na mtumaji hawezi kulidanganya. Anayesikiliza anatakiwa alitazame kabla ya kuamini neno. Ni mstari mmoja. Fosia aliutafuta mstari huo kwenye maandishi yake, akarudi juu, akautafuta tena. Haukuwepo. Yeye, aliyewauliza wakubwa na walevi na mama wanaolia, alikuwa amejenga ubao unaochomeka kila waya bila kuuliza.

Aliuandika mstari ule. Akaifuta fremu ya nukta moja, akajaribu, sanduku likawa jekundu na likabaki jekundu. Kisha akakaa mbele ya karatasi ya barua. Chama kizima kiliamini ni wa juu. Wario aliamini. Hakuna mtu mwingine Isiolo aliyeweza kusoma yale maandishi. Neno moja kwenye barua, na jambo lingelala hapo milele pamoja na Dahir.

Alichukua simu, akatafuta namba ya Istar, akaitazama. Akairudisha mezani. Akavaa viatu.

Alitembea kupita sokoni, kupita malori yaliyoegeshwa, na madereva wakamwamkia salaam aleikum, naye akaitikia kila mmoja. Nyumba ya Dahir ilikuwa na mlango wa bati ya buluu. Istar alikuwa ndani, katika eda, amevaa nyeupe tangu kichwani, miezi minne na siku kumi za kutotoka. Fosia alibisha.

Sauti ya Istar ikatoka ndani, imechoka, lakini kwa mara ya kwanza tangu mazishi ilikuwa na kitu kama utani wa zamani.

"Wapi huko?"

Fosia akasukuma mlango, akaingia. Istar akamwambia karibu dumaashi, wifi yangu, kaa hapa penye kivuli, akamsogezea kigoda na kikombe. Akamuuliza kama barua imekwisha. Alisema anataka asomewe, kila neno, kwa sababu usiku mzima anajiuliza swali moja tu: nani alimwambia mume wangu avuke?

Fosia hakukaa kwenye kigoda. Aliketi chini mkekani, magoti yao yakagusana, akaushika mkono wa Istar kwa mikono yake miwili. Nje lori lilipita, akangoja lipite.

"Ni mimi, Istar," alisema, kwa sauti ndogo kiasi kwamba Istar ilimbidi ainame. "Sikuuliza wapi."